Kakatua wa Sydney na Vita vya Dastibini

MWANAIDI: Karibuni tena wasikilizaji. Leo Baraka kaniahidi ndege, lakini picha zote alizonitumia asubuhi ni za taka zilizomwagika barabarani.

BARAKA: Ukiona taka zimemwagwa hivyo Sydney, dada, ujue kapita.

MWANAIDI: Tuanze na sura yake basi, kwa asiyemjua.

BARAKA: Ni kasuku, ila mkubwa. Kakatua wa kishungi cha njano, mwenyeji wa mashariki na kaskazini mwa Australia. Urefu kama sentimita 50, uzito unakaribia kilo. Mweupe pe, mdomo mweusi uliopinda, na kile kishungi muda mwingi kimelala nyuma ya kichwa. Akishtuka au akipandwa na hasira, kinasimama chote.

MWANAIDI: Dume na jike unawatofautishaje?

BARAKA: Macho. Ya jike yana kahawia inayoelekea wekundu, ya dume ni karibu meusi. Halafu ana vumbi huyu! Ana manyoya laini yanayosagika yenyewe kuwa unga mweupe, na unga huo ndio anaojisafishia. Akijigonga kwenye kioo cha dirisha, anakuachia mchoro wa mbawa zake.

MWANAIDI: Mbona mzuri tu. Jina baya kalipatia wapi?

BARAKA: Umewahi kumsikia akilia? Usiulize. Sauti inakwaruza, na jioni wanarudi kulala kundi zima, kila mmoja anapiga kelele. Ila kelele watu wanazizoea. Wasichokizoea ni ule mdomo. Mdomo wa kasuku haukomi kukua, lazima autafunie kitu. Porini anatafuna matawi. Mjini anakuta fremu ya dirisha lako, mbao za baraza, na nyaya. Mwaka 2017 kampuni ya taifa ya mtandao wa intaneti ilitangaza kwamba kakatua wametafuna nyaya zake, na matengenezo yamegharimu kama dola 80,000 za Australia.

MWANAIDI: Huyo si ndege, ni fundi wa kubomoa.

BARAKA: Na mwaka 2019, pale Katoomba, milimani magharibi mwa Sydney, walimrekodi mmoja aking'oa miiba iliyobandikwa kwenye jengo kuzuia ndege wasitue. Anang'oa kipande, anakidondosha barabarani, anahamia cha pili. Bila haraka.

MWANAIDI: Haya, dastibini.

BARAKA: Hapo ndipo pananoga. Dastibini za kule ni zile kubwa zenye magurudumu na mfuniko wa bawaba. Kakatua anatua ukingoni, anauinua mfuniko kidogo kwa mdomo, na hauachii. Anatembea pembeni pembeni juu ya ukingo kuelekea kwenye bawaba, mfuniko unazidi kupanda, mpaka unapinduka wenyewe. Anaingia kutafuta mkate.

MWANAIDI: Nani kawafundisha?

BARAKA: Wamefundishana! Watafiti, akina Barbara Klump na Lucy Aplin, waliwauliza wakazi wa Sydney. Kabla ya 2018, vitongoji vilivyoripoti mchezo huo vilikuwa vitatu. Kufikia mwisho wa 2019 vilikuwa 44. Na haukuzuka ovyo ovyo: ulisambaa kwa majirani kwanza, wa mbali baadaye. Zaidi ya hapo, kila mtaa una namna yake ya kufungua.

MWANAIDI: Kila mtaa na mtindo wake?

BARAKA: Kabisa. Ila wanaojua kufungua ni wachache, wengi wao madume. Waliobaki wanasubiri chini, taka zikimwagika nao wamo.

MWANAIDI: Hao nawajua, wako kila ofisi. Na wenye nyumba wamekaa tu?

BARAKA: Wapi! Waliweka tofali juu ya mfuniko. Kakatua akajifunza kulisukuma likaanguka. Wakahamia mawe mazito, wakafunga kamba, wakachomeka viatu vya zamani kwenye bawaba ili mfuniko usipinduke. Na watu nao wanaigana: ukimwona jirani kaweka kiatu, kesho nawe unatafuta kiatu.

MWANAIDI: Lakini Baraka, mimi nimekulia Unguja, na kunguru siwezi kuwatetea. Huyu tofauti yake nini?

BARAKA: Kubwa sana. Kunguru wale waliletwa kutoka India mwishoni mwa karne ya 19, wakaanza kuwahangaisha ndege wenyeji. Kakatua ni mwenyeji. Anataga kwenye mashimo ya miti mikubwa ya mikalitusi, na shimo la kumtosha laweza kuchukua zaidi ya miaka mia kutokea. Mji ukikata mti huo, anaondokewa na nyumba. Kwangu mimi wa kujieleza ni mji.

MWANAIDI: Mkulima wa ngano hakuelewi hata kidogo.

BARAKA: Hapo nakubali. Wanashuka mamia shambani, huku wachache wamekaa juu ya mti wakilinda. Ukisogea tu, ukelele mmoja, wote wameruka. Jimbo la Victoria wakulima wanaruhusiwa, kwa masharti, hata kuwaua.

MWANAIDI: Na nikiwa mgeni Sydney, nimpe kipande cha mkate?

BARAKA: Usithubutu. Atarudi na wenzake, siku usipokuwa na mkate watakula baraza. Na maji usijisumbue: magharibi mwa Sydney wameshajua kufungua bomba za kunywea maji kwenye viwanja. Anakamata kitasa kwa mguu, anakilalia kwa uzito wa mwili, anakunywa.

MWANAIDI: Na kufunga je?

BARAKA: Aah, dada. Bomba zile hujifunga zenyewe ukiachia. Bahati ya manispaa.