Mdomo Umesahau, Mwandiko Unakumbuka

Assalamu alaikum. Wazee wangu, walimu, na nyinyi vijana mlioketi ngazini, ahsanteni kwa kuja hapa Ngomeni na jua lote hili.

Naanza na ubao. Ujanani mimi na ndugu yangu tulikuwa na mashua ya kutembeza wageni. Tukapaka ubao rangi nyeupe, na yeye akaandika kwa buluu, herufi nzuri sana: "Sunset sale". Alikusudia safari ya tanga wakati wa magharibi, yaani "sail". "Sale" ni mauzo. Mgeni wa kwanza akauliza mashua tunaiuza kwa bei gani. Ndugu yangu akadhani anaulizwa nauli, akaitaja. Yule mtu akacheka, akaita wenzake waje kusoma. Jioni ileile ubao uling'olewa, na ndugu yangu hakuandika tena Kiingereza mbele za watu. Jambo hilo linaniuma hadi leo, kwa sababu sikio lake halikukosea. Maneno yale yana sauti moja hata kinywani mwa Mwingereza mwenyewe.

Basi kwa nini yaandikwe mbalimbali? Chukueni "knight", askari wa farasi, na "night", usiku. Zamani ile k ilitamkwa, na gh ilitoka kooni, karibu na kh yetu ya "kheri". Mjerumani angali anaitoa sauti hiyo ya kooni akisema "Nacht", usiku. "Sea", bahari, na "see", kuona, nayo yalikuwa na irabu mbili tofauti. Kisha, baina ya mwaka 1400 na 1700 hivi, irabu ndefu za Kiingereza zikahama, nyingine zikakutana njiani. Kuhama hakujaisha, Mwingereza mmoja mchapaji, William Caxton, akaleta mtambo wa chapa Westminster, karibu na London, mwaka 1476. Polepole tahajia ikaganda, midomo ikaendelea na safari yake. Herufi zile tunazoziona za bure ni matamshi ya watu waliokwisha kufa.

("Ship" na "sheep" ni habari nyingine. Kwa Mwingereza hayafanani. Tunayafananisha sisi wenye irabu tano.)

Sasa tazameni Kiamu chetu, Kiswahili cha Lamu, maana hapa mambo yamegeuka. Kwao kalamu inatenga kile ambacho mdomo umekichanganya. Kwetu mdomo unatenga, na hizi herufi za Kirumi ndizo zinazochanganya. Mtoto aliyelelewa na bibi yake mtaani Mkomani, hapa Lamu, ana sikio la kunasa tofauti ndogo kuliko hizo za Kiingereza, halafu darasani anaambiwa hana sikio la lugha. Walimu wangu, nawaomba: akiandika "sale" mahali pa "sail", mwambieni kwanza kwamba amesikia sawasawa. Kisha mpeni hadithi ya neno lenyewe.

Wewe mwanangu wa ngazini, ndoo hapa mbele. (Mwalimu mgeni kutoka bara asitafute ndoo ya maji, huku ndiyo "njoo" yetu.) Weka kiganja mbele ya mdomo. Sema paa, la nyumba. Kiganja kimetulia? Haya, sema paa, yule mnyama wa mwituni. Umeisikia pumzi? Waambie wenzako imekugonga wapi.