Chupa Mbili Zilizoondolewa Flint

ZUENA: Hamjambo nyote mnaotusikiliza, mlio jikoni, matatuni na kwenye foleni ya feri. Mimi Zuena, na pembeni yangu yuko Ami Khamisi, fundi bomba aliyestaafu.

KHAMISI: Sikustaafu, magoti ndiyo yamegoma.

ZUENA: Leo nimekuletea chupa, Ami.

KHAMISI: Naona tupu.

ZUENA: Ina kisa chake, nitafika. Kwanza twende Flint, jimbo la Michigan, Marekani. Tarehe 25 Aprili 2014 mji ule uliacha maji ya Detroit, yanayotoka Ziwa Huron, ukaanza kutumia mto wake wenyewe. Walitaka kubana matumizi. Baadaye maji ya mfereji yakakutwa na risasi, ile metali yenye sumu.

KHAMISI: Na hapa watu huchanganyikiwa. Risasi haikutoka mtoni. Maji yaliikuta njiani. Bomba la zamani lina ukoko ndani, kama ukoko wa sufuria ya wali. Ukoko ule ndio unaoyatenga maji na madini ya bomba. Detroit walikuwa wanatia dawa ya fosfeti ili usibanduke. Flint hawakutia. Na maji ya mto ule yalikuwa na kloridi nyingi, yanakula chuma.

ZUENA: Yalikula kweli. Oktoba 2014 kiwanda cha injini cha General Motors kiliyakataa kwa sababu vipuri vinashika kutu.

KHAMISI: Subhanallah. Injini zikahurumiwa, watoto wakaendelea kunywa.

ZUENA: Sasa kuna mama mmoja, LeeAnne Walters. Februari 2015 maji ya nyumbani kwake yalipimwa, yakakutwa na mikrogramu 104 za risasi kwa lita. Kiwango cha Marekani cha kuchukua hatua kilikuwa 15. Yakarudiwa mwezi uliofuata: 397. Na mabomba ya ndani ya nyumba yake, Ami, ni ya plastiki.

KHAMISI: Basi tafuta nje! Lile bomba linaloacha njia kuu barabarani na kuingia kwako, hilo ndilo la risasi.

ZUENA: Ndivyo ilivyokuwa. Baadaye wataalamu wa chuo kikuu cha Virginia Tech walipima sampuli za nyumba ile, moja ikafika 13,200. Kwa sheria za kule, taka ikitoa risasi ya 5,000 inahesabiwa kuwa ya hatari.

KHAMISI: Na mji mzima ukaambiwa uko salama?

ZUENA: Hapo ndipo nilipotaka tukae. Maabara zao hazikuwa na kasoro kubwa. Kasoro ilikuwa kwenye kuchota. Kanuni ya wakati ule ilitaka maji yalale bombani angalau saa sita, halafu uchote lita ya kwanza kabisa. Flint waliambiwa wafungulie mfereji usiku ule kabla ya kulala, maji yapite kwanza.

KHAMISI: Hiyo ni kuisafisha njia kabla mgeni hajafika.

ZUENA: Bado. Shirika la mazingira la Marekani, mwaka 2016, ilibidi liandike waraka kukataza mambo matatu: kufungulia maji usiku, kutoa kichujio cha mdomo wa mfereji, na kutumia chupa ya mdomo mwembamba.

KHAMISI: Chupa nyembamba unaelewa kwa nini? Unaifungulia polepole ili usimwage. Maji yakitiririka polepole hayabandui ukoko. Ukifungulia kama unavyojaza sufuria ya chai, chembe zinang'oka. Na kile kichujio ndicho kinachozinasa. Ukikitoa umetoa ushahidi.

ZUENA: Halafu hesabu. Wanapanga nyumba kwa kiwango cha risasi, kutoka ya chini kwenda ya juu, wanaangalia ile iliyo kwenye asilimia 90, yaani tisa kati ya kila kumi ziko chini yake. Mwaka 2015 walikuwa na sampuli 71. Wakaondoa mbili, wakabaki na 69. Moja ya zile mbili ilikuwa ya LeeAnne, eti kwa sababu ana kichujio nyumbani.

KHAMISI: Mbili tu.

ZUENA: Mbili tu. Kipimo kilikuwa juu ya 15, kikashuka hadi 11. Chini ya kile kiwango cha kuchukua hatua.

KHAMISI: (anaguna) Mimi nimewahi kuona mwenye nyumba akipaka rangi juu ya ufa wakati mpangaji yuko mlangoni. Haikuwa ya ustadi kiasi hicho.

ZUENA: Agosti 2015 Virginia Tech wakatuma vifaa 300 hivi kwa wakazi wenyewe. Kila nyumba chupa tatu: lita moja ya kwanza, ya pili baada ya maji kupita sekunde 45, ya tatu baada ya dakika mbili.

KHAMISI: Safi. Ya kwanza inakwambia habari za mfereji na jikoni, ya baadaye inakwambia habari za bomba la nje. Ukichota moja tu utamlaumu asiye na kosa.

ZUENA: Oktoba 2015 mji ukarudi kwenye maji ya Detroit. Sasa chupa yangu. Nilitaka kujaribu kuchota kwetu kama wao. Nikawatangazia wote: kuanzia saa nne usiku hakuna kugusa mfereji. Nikalala.

KHAMISI: Aaa.

ZUENA: Saa tisa usiku nasikia choo kinavutwa. Mwanangu wa mwisho. Namuuliza, ananiambia, "Mama, ulisema mfereji, hukusema choo."

KHAMISI: (anacheka) Mwanasheria huyo! Ila bomba ni lile lile, bibiye. Maji yalikwisha tembea. Anza upya.

ZUENA: Na shoga yangu ananishauri niyachemshe tu, yaishe.

KHAMISI: Mwambie hapana! Kuchemsha kunaua vijidudu, risasi haiuliki. Maji yakipungua kwa mvuke, risasi inabaki kwenye yaliyosalia. Na usiitafute kwa ulimi wala kwa macho. Haina ladha wala rangi. Hapa Mombasa tuliijua kwenye mtaa wa Owino Uhuru, lakini pale ilitoka kwenye kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, ikaingia hewani na udongoni. Hebu niione chupa yako.

ZUENA: Hii hapa.

KHAMISI: Ya soda hii. Mdomo mwembamba! Zuena, na yote uliyoyasema?

ZUENA: Ndiyo iliyokuwepo.

KHAMISI: Kesho nakuletea mtungi wa achari. Na huyo mwanasheria mwekee ndoo chooni tangu jioni.