Mashine Inayobeba Joto: Namna ya Kuiseti Isimalize LUKU

Mhadhara kwa wenye nyumba na wenye nyumba za wageni, Arusha

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, ndugu zangu, habari za jioni. Nawaona waliotoka Moshi wamewahi viti vya mbele kuliko watu wa Njiro, na hapo sitasema zaidi. (Kicheko.)

Mimi ni fundi wa majokofu, kwa hiyo nitaongea kifundi. Wachache wenu mmeshafunga hizi mashine mpya za maji moto zinazoitwa pampu za joto, wengine mnafikiria. Malalamiko ninayoyasikia ni yaleyale: tuliambiwa itapunguza umeme, mbona LUKU, ile mita ya kulipia umeme kabla, inakwenda vilevile? Mara nyingi mashine ni nzima. Kilichoharibika ni seti, na seti hizo aliziacha fundi siku ya kufunga, mwenye nyumba hajawahi kuzigusa.

Tuanze na shilingi. Kwa bei zilizopangwa mwaka 2016, mteja wa kawaida wa nyumbani analipa shilingi 292 kwa uniti, yaani kilowati moja ikiwaka saa moja. Weka VAT ya asilimia 18, asilimia 3 ya REA, wakala wa umeme vijijini, na asilimia 1 ya EWURA, wale wanaodhibiti bei za umeme, uniti inakuwa kama shilingi 356. Yule wa matumizi madogo, ambaye hazidishi uniti 75 kwa mwezi, bei yake ni shilingi 100. Sasa uniti 75 kwa mwezi maana yake mbili na nusu kwa siku. Chukua shawa ya umeme, ile inayofungwa juu ya kichwa bafuni, ya kilowati 5. Watu wanne wakioga dakika kumi kila mmoja, zimekwenda uniti tatu na kitu. Yaani kuoga peke yake kumekutoa kwenye bei ya shilingi 100, na hujapiga pasi hata shati moja. Ndiyo maana katika mji wa baridi kama huu wetu, ukitaka kuongelea umeme wa nyumbani, anza bafuni. Taa mnazokimbizana na watoto wazizime ni senti.

Hita ya kawaida ina koili ndani. Umeme unapita, koili inapata moto, maji yanapata moto. Uniti moja ya umeme inatoa uniti moja ya joto, basi, hakuna fundi duniani wa kuiongeza. Pampu ya joto inafanya kazi nyingine. Ina gesi inayozunguka kwenye mabomba, kompresa ya kuikandamiza, na feni. Gesi inachota joto lililomo hewani, kompresa inaikandamiza mpaka inakuwa ya moto sana, halafu joto hilo linaingia kwenye tangi la maji. Umeme unalipia kazi ya kubeba tu. Kwa uniti moja ya umeme, mashine nzuri ikiwa imesetiwa vizuri inakuletea uniti tatu za joto, wakati mwingine zaidi.

Wala si uchawi mpya. Friji lako jikoni ni mashine hiyohiyo: linatoa joto ndani, linalimwaga mgongoni. Gusa nyuma ya friji utaona. William Thomson, yule waliyekuja kumwita Lord Kelvin, aliandika mwaka 1852 kwamba mtambo wa namna hii unaweza kupasha nyumba. Na kama unasema hewa yetu ya Julai, ile ya ukungu na koti, ina joto gani la kuchota, jua kwamba nchi zinazoongoza Ulaya kwa wingi wa pampu hizi kwa idadi ya kaya ni Norway, Sweden na Finland. Kule wanachota joto kwenye hewa iliyo chini ya sifuri. Kwetu alfajiri ikishuka sana ni kumi na kitu.

Sasa shikeni jambo moja tu, mengine yote yanatoka hapo. Mmewaona wapagazi pale lango la Marangu. Mzigo wa kupeleka Mandara na mzigo uleule wa kupeleka Kibo havina bei moja, kwa sababu kupanda si kumoja. Pampu ya joto ni hivyo hivyo. Inalipwa kwa urefu wa kupanda, kutoka nyuzi za hewa ya nje hadi nyuzi unazotaka kwenye tangi. Punguza kupanda, umeme unapungua. Hita ya koili haijali hilo. Kwake nyuzi ni nyuzi. Pampu inajali sana: kwa makadirio ya mafundi, kila nyuzi moja unayoishusha kwenye lengo inaokoa kama asilimia 2 hadi 3.

Hebu tupige hesabu, wenye simu fungueni kikokotoo. Tangi la lita 150, maji yanaingia yakiwa nyuzi 18. Kuyafikisha nyuzi 60 kunahitaji joto la uniti 7.3. Kwa koili, hiyo ni kama shilingi 2,600. Kwa pampu inayoleta tatu kwa moja, ni uniti 2.4, kama shilingi 870. Sasa shusha lengo hadi 50. Joto linalohitajika ni uniti 5.6, na kwa kuwa mlima umepungua, tuseme mashine sasa inaleta tatu na nusu kwa moja. Ni uniti 1.6, shilingi 570. Umebonyeza kitufe mara kumi tu.

Mtaniuliza, maji yatatosha? Hakuna anayeoga maji ya nyuzi 60. Ukijaribu tutakutembelea hospitali. Unaoga ya nyuzi 40, au pungufu kidogo. Maji ya 60 unayachanganya na ya baridi, kwa hiyo umelipia mpando wa mwisho halafu umeumwaga. Lita 150 za nyuzi 50 zikichanganywa zinatoa ndoo kumi na moja hivi za maji ya kuoga, kwa ndoo ya lita ishirini. Za nyuzi 60 zinatoa ndoo kumi na nne. Familia ya watu watano inayooga ndoo mbilimbili haina haja ya zile tatu za juu. Nyumba ya wageni iliyojaa watalii walioshuka mlimani, hiyo ni habari nyingine, na hata hapo ningeanza na 52 nione.

Kuna tahadhari ambayo sitaki mtu aondoke bila kuisikia. Kuna bakteria anaitwa Legionella, anapenda maji ya uvuguvugu, kati ya nyuzi 20 na 45, na vitone vidogo vya maji hayo ukivivuta pale unapooga vinaleta nimonia. Kwa hiyo usiteremshe tangi hadi 40 ukasema umekuwa mjanja. Na mara moja kwa wiki liache lipande hadi 60. Mashine nyingi zina seti ya kufanya hivyo zenyewe. Mwambie fundi akuonyeshe ilipo na siku iliyopangwa. Kwa mwenye wageni, hili si la hiari.

Tatizo kubwa kuliko yote lakini ni koili ya akiba. Ndani ya pampu nyingi za maji kuna koili ya kawaida, imewekwa kwa dharura. Na kwenye kioo cha mashine kuna namna kadhaa za kufanya kazi: moja imeandikwa ECO, hiyo ni pampu peke yake, nyingine imeandikwa AUTO au HYBRID, hapo pampu na koili vinasaidiana, nyingine BOOST au ELECTRIC, hapo koili inafanya kazi kwa nguvu. Siku moja wageni wamekuja wengi, mtu akabonyeza BOOST. Wageni wakaondoka, BOOST ikabaki. Umenunua mashine ya mamilioni, inachemsha maji kama jagi la umeme. Na hata kwenye AUTO, ukiweka lengo juu sana, 65 au 70, pampu inafika mwisho wa uwezo wake na koili inamalizia. Leo ukifika nyumbani, kabla hata ya kula, nenda kaangalie kioo kinasema nini. Kama hakisemi ECO, fanya kisome ECO, halafu uone kama mtu yeyote nyumbani atalalamika.

(Mama mmoja mbele: "Na kuzima usiku kucha, inasaidia?")

Nilikuwa naelekea huko, mama. Ulaya watu wanawasha usiku kwa sababu kampuni nyingi kule zinauza umeme wa usiku kwa bei ya chini. Ukisoma maelekezo ya mashine utakuta ushauri huo, usiufuate. Sisi mteja wa nyumbani uniti yake ya saa nane usiku ni bei ileile ya saa nane mchana. Kinachobadilika kwetu ni hewa. Alfajiri Arusha hewa imepoa kabisa, mchana imepanda nyuzi kumi au zaidi. Mchana mlima ni mfupi. Kwa hiyo weka saa ya mashine ianze kazi saa tano asubuhi imalize saa kumi jioni. Tangi lenye koti zuri litashika joto hadi mkioga jioni, na asubuhi yatabaki ya kunawia watoto wa shule. Usiku izime, ndiyo. Ila usiiwashe saa kumi na moja alfajiri ukiwa na haraka, maana hapo unaibebesha mzigo mkubwa wakati mlima ni mrefu kuliko saa zote, na ikikuona una haraka itaita koili.

Na mabomba. Bomba la shaba lililo uchi kutoka kwenye tangi hadi bafuni linapasha joto ukuta. Livishe sponji ile nyeusi ya mafundi wa viyoyozi. Ni bei ndogo.

Ngoja niguse nyumba za Desemba, msikasirike watu wa Kibosho, Machame na Rombo. Nyumba kubwa, vyumba sita, mwenyewe yuko Dar es Salaam, inalala mwaka mzima na mlinzi. Mwenyewe anashuka Krismasi, anachinja, anaondoka baada ya mwaka mpya, boila inabaki inawaka. Tangi lililojaa maji moto linapoteza joto siku na usiku hata kama hakuna anayefungua bomba, na kila likipoa kidogo linajipasha tena. Kuna seti ya safari, mara nyingi ina alama ya begi au ndege. Au zima kabisa kwenye swichi. Ukirudi, ifikishe 60 kwanza kabla mtu hajaoga, kwa sababu ya yule bakteria.

Wenye sola ya kupasha maji juu ya paa, mko wengi Sakina na Ilboru, na ninyi mna koili ya akiba ndani ya tangi. Wengi mmeiacha imewashwa saa zote. Alfajiri maji yamepoa, koili inayapasha, jua likichomoza linakuta kazi imekwisha. Paa lako lina sola ya mapambo. Koili hiyo iwekewe saa, iwashwe jioni tu, na kwa siku ambazo wingu halikuondoka Meru toka asubuhi. Kusema kweli, kama una sola nzuri na hujajenga ghorofa linalokuzibia jua, sikushauri ununue pampu. Rekebisha ulichonacho.

Kiyoyozi nitakipitia haraka, maana ni cha watu wa Moshi zaidi, hasa Februari. Kuseti 16 hakukipozi chumba haraka kuliko 25; mashine nyingi zinafanya kazi kwa nguvu ileile mpaka zifike, tofauti ni kwamba ya 16 haifiki. Weka 25 au 26 na feni ya dari izunguke polepole. Filta ioshwe na maji kila mwezi, pale Moshi na vumbi lile ningeosha mapema zaidi. Na watu wa Arusha wenye kiyoyozi: kama rimoti ina alama ya jua, mashine yako inageuka na kupasha chumba kwa mtindo uleule wa pampu. Julai iwashe hiyo, weka 20, acha kile kihita cha koili nyekundu sakafuni. Friji je? Namba kubwa kwenye kile kitufe cha ndani ni baridi zaidi, wengi mnadhani kinyume. Namba ya kati inatosha, na friji liache nafasi na ukuta.

Mtajuaje kama imesaidia? Mita ya LUKU inaonyesha uniti zilizobaki. Andika kwenye daftari kila siku saa ileile, wiki nzima, kisha badilisha kitu kimoja tu, endelea wiki nyingine. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja hutajua kipi kimeleta nafuu.

Ndiyo, kijana pale nyuma.

("Mimi nimepanga Kijenge, sina ruhusa ya kufunga mashine. Nina shawa ya umeme tu.")

Basi angalia shawa yako yenyewe. Nyingi zina swichi pembeni yenye hatua mbili au tatu. Wapangaji wanaiacha kwenye ya mwisho mwaka mzima. Kuanzia Oktoba hadi Machi hatua ya chini inatosha watu wengi, na inakula karibu nusu. Ukiona maji hayajapata moto, usipandishe hatua, punguza bomba kidogo. Maji yakipita polepole yanapata moto zaidi. Zima kwanza umeme kabla ya kugusa swichi hiyo, mikono ikiwa mikavu. Na mwambie mwenye nyumba akuonyeshe waya wa ardhi. Asipouonyesha, oga ndoo mpaka auweke.