Betri Kwanza, Bisibisi Baadaye

Ndugu zangu, bisibisi ziwekeni chini. Nimelisema hili mara nyingi na leo nalirudia, kwa sababu bado naletewa kamera za filamu aina ya Canon AE-1 zilizoharibiwa na mikono ya wenyewe.

Kamera hii ilitoka mwaka 1976, na shata yake, yaani pazia linalofunguka kuingiza mwanga, huachiwa kwa sumaku ya umeme. Pasipo umeme, haifyatui. Sasa oneni balaa linapoanzia: kama imeshakokiwa, yaani imetegwa tayari kupiga, na haijafyatua, mkono wa kusogezea filamu nao haugeuki. Mtu anausukuma, hauendi. Anasema imekwama, anaongeza nguvu, meno ya ndani yanakatika. Kumbe kamera ilikuwa inadai betri ya volti 6, basi!

Utaniambia, “Nimeweka mpya juzi.” Mpya kwa nani? Imekaa kabatini dukani miaka mingapi? Juu ya kamera kuna kitufe kidogo cheusi cha kupimia betri. Kibonyeze huku unachungulia kwenye kitundu cha kutazamia: sindano ya humo ikitulia kwenye alama ya 5.6 au chini yake, betri inatosha. Na wewe mwenye multimita, kile kifaa cha kupimia umeme, usitambe. Betri iliyochoka huweza kukuonyesha namba nzuri ikiwa mkononi, halafu ikipewa kazi inaanguka.

Betri ni nzima na kamera bado kimya? Haya, tazama vyuma vinavyogusana na betri. Ukiona unga mweupe au ukoko wa kijani, betri ya zamani ilivuja. Chukua pamba yenye siki au ndimu, kidogo tu, isichuruzike ndani, ufutie spiriti, uache pakauke kabisa. Ikikataa hata hapo, huenda kutu imetambaa ndani ya waya. Hapo sasa bisibisi ina kazi.

Naona naonyeshwa saa, nikimbie. Mita ya mwanga inayosoma vibaya: kamera ya filamu ya Olympus OM-1 ilitengenezewa betri ya zebaki ya volti 1.35, ambayo Marekani ilipiga marufuku kuuzwa mwaka 1996. Shata yake hufyatua hata bila betri, kwa hiyo ukiweka ya volti 1.5 mita itasoma vibaya na hutashtuka mpaka filamu isafishwe. Tumieni ya zinki na hewa, au adapta yenye daiodi, kijidude kinachopunguza volti.

Kamera zenye flashi ndani yake msifungue kabisa, hata kama betri imetolewa. Kapasita ya flashi, kifaa kinachohifadhi umeme wake, huweza kubaki na volti 300 hivi. Hizo mpelekeeni fundi zikiwa zimefungwa.