Bunge Likikaa Matanga

Wazee wangu, ndugu zangu, na nyinyi wanafunzi mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti, asanteni kwa kuja.

Hapa Kasese sihitaji kueleza msiba ni nini. Juni 2023, pale Mpondwe, wauaji waliingia usiku katika shule ya sekondari, wakachoma bweni, wakaua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi. Nikiuliza kama siku ya namna ile Bunge liendelee kujadili mkopo wa barabara, jibu lenu nalijua. Mimi nauliza: likiuacha huo mkopo, linafanya nini?

Maana kuna kuahirisha na kuna kuweka ratiba kando. Ukiahirisha, Spika anainuka, siwa inatolewa, waheshimiwa wanapanda magari yao. Ukiweka ratiba kando, wanabaki palepale, ila shughuli ya siku inakuwa msiba peke yake. Mimi natetea hili la pili. Mwaka 2016 mbunge Jo Cox alipouawa Uingereza, Bunge lao lilikuwa mapumzikoni. Liliitwa. Msiba uliwarudisha vitini.

Kwetu Uganda, Katiba yenyewe husimamisha shughuli. Ibara ya 82 inasema kiti cha Spika kikiwa wazi, Bunge halifanyi lolote ila kumchagua mwingine. Spika Jacob Oulanyah alifariki Seattle tarehe 20 Machi 2022. Tarehe 25, Kololo, Anita Among akachaguliwa, na marehemu alikuwa bado Marekani; alizikwa Omoro tarehe 8 Aprili. Watu walinung'unika, na haki yao. Baganda humsimika mrithi siku ya kwabya olumbe, yaani siku ya kuhitimisha msiba, mazishi yakiwa yamekwisha pita. Sisi tulipata mrithi kabla jeneza halijatua Entebbe! Hata mimi lilinikaa vibaya. Lakini isomeni tena ibara ile: bila Spika, Bunge zima ni bubu, halina hata pa kutolea hoja ya rambirambi.

Sasa, mazikoni kwetu kuna mtu husimama akauliza: nani anamdai marehemu? Aseme sasa. Hilo swali ndilo silisikii bungeni. Machi 2010 mlima ulishuka Nametsi, Bududa, ukafukia watu na nyumba zao. Oktoba 2018, Bududa tena. Novemba 2024, Bulambuli, mlima ni uleule wa Elgon. Katikati hapo kuna waliohamishiwa Kiryandongo, na wengine Bunambutye. Waliobaki mlimani wanadai nini, na nani alipe? Waziri aulizwe siku ileile, watu wakiwa bado wanachimba matope, kwa sababu wiki mbili baadaye hata waandishi wa habari hawatakuwepo.

Siku moja ya msiba nilikuwa kibarazani kwa jirani, tunasikiliza Bunge redioni. Ikafika ile dakika ya kimya. Redio kimya, na yeye hakujua kinachoendelea; akaipiga kofi akidhani betri zimekwisha. Akafungua nyuma, akazitoa, akaziuma kidogo kama tunavyofanya, akazirudisha. Sauti ikatoka. Walikuwa wameshafika kwenye muswada wa kodi. Jirani akanitazama kwa furaha, akasema, "Unaona? Imepona."