Fangasi kwa Fangasi: Uyoga wa Dawa na Kijiko cha Chai
(Mhadhara uliotolewa Chake Chake, Pemba)

Assalaam alaykum. Nashukuru kuona ukumbi umejaa kwa ajili ya uyoga. Nilidhani leo nitazungumza na viti. Bibi mmoja ameshaniuliza kuhusu mjukuu wake mwenye choa cha kichwani; nitamjibu mwishoni.

Nianze na kichupa hiki. Nimekinunua mwenyewe, kwa pesa yangu. Ndani mna unga wa uyoga mwekundu unaong'aa, Wachina wanauita lingzhi, Wajapani reishi, na jina lake la kitaalamu ni Ganoderma lucidum. Muuzaji kaniambia unaondoa choa, mba na fangasi wa vidoleni: kijiko kimoja kwenye chai, asubuhi na jioni. Nikamuuliza, umejuaje? Akasema, "Wataalamu wamegundua."

Hakudanganya moja kwa moja. Mwaka 2006 watafiti wawili, Wang na Ng, walitangaza kwamba wametoa katika uyoga huu huu protini inayozuia fangasi kukua, wakaiita ganodermini. Ni protini ndogo, kilodaltoni 15 (hicho ni kipimo cha uzito wa molekuli). Himoglobini, ile inayoipa damu wekundu wake, ni kama 64. Nyengine za aina hiyo zimeshatolewa katika uyoga mamama, huu tunaoupika kwa nazi.

Sasa tazameni jaribio lenyewe linavyofanywa. Unachukua kisahani, unamimina agari, jeli ambayo hutoka kwenye mwani (si huu wetu wa kulima, akina mama wa mwani msije mkanidai, huu wetu hutoa karajini). Katikati unapanda fangasi. Siku ya pili, ya tatu, anatanuka mviringo, mweupe, kama pamba iliyochambuliwa. Kandokando umeweka vikaratasi vya duara, kila kimoja kimetiwa tone. Kwenye tone la maji matupu, pamba inakipanda kikaratasi na kupita. Kwenye tone la protini, pamba inafika karibu, inasita, inajikunja. Kinabaki kipande kitupu chenye umbo la mwezi mwandamo. Anayeuona mara ya kwanza hataki kuondoka pale mezani.

Uyoga unataka nini na silaha kama hiyo? Kumbukeni uyoga nao ni fangasi. Anakaa kwenye gogo moja na wenziwe wengi, na gogo ni chakula. Ukuta wa fangasi una kaitini, kitu kile kile kilichomo kwenye gamba la kaa. Baadhi ya protini za uyoga huukata ukuta huo, nyengine hutoboa utando ulio ndani yake.

Lakini ganodermini ilijaribiwa kwa nani? Kwa fangasi watatu: Botrytis cinerea anayeozesha zabibu, Physalospora piricola wa matunda ya baridi kama mapeasi, na Fusarium oxysporum, ambaye ana makabila mengi, na kabila moja ndilo linalonyausha migomba. Wote watatu ni maradhi ya mimea. Choa hakimo! Muuzaji wangu kachukua habari ya shambani kaileta kwenye ngozi ya mtoto.

Na hata kingekuwemo, kuna tumbo. Protini ikifika tumboni inakatwakatwa kama samaki wa mchana. Mnajua wagonjwa wa sukari wanavyojidunga insulini kila siku? Insulini ni protini. Ingekuwa inaweza kunywewa kwenye chai, nani angejitoboa?

Kwa hiyo mimi matumaini yangu nayaweka kwa mkulima kabla ya mgonjwa, na huko njia imeshapitwa. Mwaka 1977 Wajerumani walitoa strobilurini, kemikali inayozuia fangasi, katika kiyoga kinachoota kwenye makoni, yale yanayobeba mbegu za misonobari. Hiyo si protini, na jua liliiharibu upesi. Wanakemia wakaiga umbo lake, wakaliimarisha, na mwaka 1996 dawa za kupulizia mimea za ukoo huo zikaingia sokoni. Karibu miaka 20, kutoka kisahani hadi bomba la mkulima.

Bibi aliyeuliza pale mwanzo kuhusu mjukuu wake mwenye choa cha kichwani, sikukusahau. Mafuta ya kupaka peke yake hayatoshi, bibi yangu, kwa sababu fangasi huyo ameingia ndani ya unywele. Mpeleke kituo cha afya. Huenda akaandikiwa vidonge vya griseofulvini, vya wiki kadhaa, na usivikatishe akianza kuota nywele. Dawa hiyo ilitolewa mwaka 1939 katika fangasi pia, Penicillium griseofulvum, ila si protini, ndiyo maana tumbo haliiharibu. Nayo huingia mwilini vizuri zaidi ikifuatana na chakula chenye mafuta. Mpe baada ya wali wa nazi.