Geuza Kopo Usome Nyuma

Kabla sijaanza, kijana wa mstari wa mbele, hebu tusomee kopo hili la virutubisho. Mbele limeandikwa "huimarisha kinga ya mwili", na pembeni kuna kinyota. Kinyota hicho kinakupeleka wapi? Geuza. Shuka chini kabisa. Mnamwona? Amekwenda dirishani kutafuta mwanga! Maandishi hayo ya kisisimizi yanasema FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, haijayapima madai haya, na kwamba bidhaa si ya kutibu wala kuzuia ugonjwa wowote. Na ni halali kabisa. Sheria yao ya mwaka 1994 inaviachia virutubisho viingie sokoni bila kupitishwa kwanza kama dawa.

Ndiyo maana nang'ang'ania Airborne. Mliokwisha kunisikia, nivumilieni. Ni kidonge cha kuyeyusha kwenye maji, kilichobuniwa na mwalimu wa darasa la pili, na boksi lenyewe likajitapa hivyo. Walimu nawaheshimu, lakini wangu alinifundisha kujumlisha, hakunitengenezea dawa ya mafua. Hiki ulitakiwa ukinywe mafua yakianza, au kabla ya kuingia kwenye msongamano wa watu. Kampuni ikatamba kwamba upo utafiti wa kitabibu. Mwaka 2006 waandishi wa televisheni ya ABC ya Marekani wakawafuata hao watafiti. Wakakuta kampuni ya watu wawili, iliyoanzishwa kwa ajili ya utafiti huo tu. Kliniki hakuna, mwanasayansi hakuna, daktari hakuna. Watu wawili! Kibanda cha chipsi kina wafanyakazi zaidi.

Najua yupo anayesema moyoni, "Mbona mimi nilikunywa nikapona?" Ndugu yangu, mafua yana siku zake. Kunywa hata maji ya dafu, wiki ijayo utakuwa mzima. Kesi waliyofunguliwa Airborne haikuhusu kupona kwako, ilihusu maneno uliyouziwa.

Lakini nani atafuatana na wakili kwa ajili ya boksi moja la dola chache? Hakuna, na wauzaji wanalijua hilo vizuri kuliko sisi. Ndipo wanunuzi wakashitaki kwa pamoja, wachache wakisimama kwa niaba ya wote. Mwaka 2008 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 23.3, bila kukiri kosa. FTC, tume ya serikali ya Marekani inayolinda wanunuzi, nayo ilipoingia, fungu likapanda hadi milioni 30. Hata asiye na risiti aliruhusiwa kudai, mpaka boksi sita.

Prevagen, kile kirutubisho kinachouzwa kwa madai ya kuboresha kumbukumbu, naipitia mbio. FTC na mwanasheria mkuu wa New York walishitaki mwaka 2017. Utafiti wa kampuni yenyewe kwa watu 218 haukuonyesha nafuu kwa kundi zima, na hati ya mashitaka ikasema takwimu zilikatwakatwa zaidi ya mara 30. Ni kama mvuvi anayetupa wavu mara 30, kisha anakuonyesha dagaa mmoja. Uamuzi ulikuja mwaka 2024.

Nilikuwa na la TBS, shirika la viwango Tanzania, na lebo za hapa kwetu, ila mwenyekiti ananionyesha saa. Haya, maswali. Kijana, kopo langu lirudi, risiti ninayo.